Mkamwana Mbele ya Bwana Shauri

Udongo wa vigae haukanyagwi ovyo. Unaanza kwa kisigino, unazunguka shimo kutoka ukingoni kwenda katikati, kisha unarudi kwa wayo mzima, taratibu, huku mwenzako akinyunyiza maji kwa kata. Na ukishaanza husimami. Udongo ulioachwa katikati hushika nusu, na kigae chake kikiingia tanurini hupasuka. Kunegunda alijifunza hayo yote kiangazi kile, bondeni kando ya mto Ruhira, upande ule ambao siku hizi watu wanauita Bombambili. Wakati huo hapakuwa na bomba hata moja. Palikuwa na shimo la udongo, banda refu la nyasi la kuanikia vigae vibichi, tanuri lenye mdomo mweusi, na Mdachi mmoja mwenye ndevu nyekundu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Vigae, maana jina lake lenyewe lilikuwa kama kutafuna kokoto.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, lakini vilikwisha upande wa bunduki tu. Wadachi walipita Ungoni wakichoma maghala na mashamba, na moto ulipozimika ikaingia njaa. Mume wa Kunegunda alinyunyiziwa ile dawa ya maji, akaenda, hakurudi. Nyumbani walibaki Kunegunda, binti yake Adela, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanang'oka, na baba mkwe wake.

Huyo mzee alikuwa na jina kama mtu yeyote. Lakini Kunegunda hakuwahi kulitamka tangu siku alipoolewa. Kwa Wangoni wa siku zile mkamwana hamtaji baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake, hali naye chombo kimoja. Wakikutana njiani, mwanamke hupiga magoti majanini na kugeuza uso mpaka mzee apite. Na ikilazimu jina litajwe, humwomba aliye karibu, wifi au jirani au hata mtoto: "Nitajie." Mwenzake hutaja, na maneno yanaendelea. Haikuwa shida kwa mtu. Ni sawa na mtu mfupi kuomba kuteremshiwa kitu darini. Katika kinywa cha Kunegunda mzee yule alikuwa Baba, na hapa pia atakuwa Baba.

Baba ndiye aliyekuwa mnyapara wa Bwana Vigae. Alipewa kazi hiyo kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno machache, anayeaminika vitongojini, naye aliikubali kwa sababu ileile iliyowafanya watu wakubali kazi yoyote mwaka ule: tumbo. Mwanzo wa kiangazi alizunguka na fimbo yake ya mpingo akikusanya wanawake, maana wanaume wengi walikuwa wamekufa, na waliobaki walichukuliwa kubeba mizigo ya Wadachi kwenda pwani.

"Njooni mkanyage udongo," aliwaambia. "Posho mtapata kila jua linapotua. Na mvua ya kwanza ikidondoka, kila mwanamke anashika jembe lake, anakwenda kupanda. Neno hilo nimelisema mimi."

Akapiga fimbo chini. Na neno la mzee likishapigiwa fimbo, watu wale hawakuliuliza tena. Wanawake walikuja kwa ajili ya fimbo ile kuliko kwa ajili ya posho.

Kwa Kunegunda neno hilo lilikuwa na uzito wake. Alikuwa na mbegu ya ulezi. Nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kula mbegu zao, hata punje za kukwangua sakafuni mwa ghala, lakini yeye ya kwake aliifukia ndani ya chungu wakati wa vita, chini ya jiwe la kusagia, na hakuigusa hata siku zile Adela alipolala amekunja magoti yamegusa kidevu. Alikuwa na shamba pia, kwenye mteremko unaotazama milima ya Matogoro. Alikata miti mwenyewe, akaipanga, akaichoma, na majivu yalikuwa yamelala pale meupe yakingoja. Ulezi unataka kumwagwa kwenye majivu mara tu mvua ya kwanza inapoyalowesha. Ukichelewa, maji yanayasomba majivu bondeni, na majani yanakutangulia kuota. Hapo huna shamba tena, una malisho ya swala.

Palikuwa na mtu mwingine aliyeufuatilia ulezi huo kwa jicho lake. Naye ni Mwanaisha, Myao wa Tunduru, mke wa askari mmoja wa boma. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuja bondeni na kapu la vitumbua kuwauzia wanyapara, na kila alipokuja alimtafuta Adela kivulini mwa banda, akampa kimoja kilichoungua pembeni, ambacho alikuwa amekiunguza makusudi ili asiulizwe na mumewe.

"Mama Adela, nipe huyu nikamlee," alisema siku moja. "Mwenyezi Mungu kaninyima wangu, na wewe wako unamwanika juani kama kigae."

"Mchukue, Bi Mwanaisha, uchukue na tope lake."

"Tope ninalo kwetu Tunduru. Nataka mtoto."

Wakacheka. Lakini alipokuwa anainua kapu, Mwanaisha alisogea karibu na shimo na sauti yake ikashuka. "Mume wangu anahamishwa. Mvua zikishika tunaondoka. Kwangu atakula, wallahi. Kwako atakula nini akiba ya mizizi ikiisha porini?"

"Nitapanda."

"Ukipanda nitakuwa wa kwanza kusema alhamdulillahi. Na usipopanda?"

Kunegunda alirudisha mguu topeni. Alikuwa katikati ya kukanyaga.

Mvua ya kwanza ilidondoka alasiri, jua likiwa bado linawaka, matone makubwa yaliyotoboa vumbi na kuinua ile harufu ya ardhi inayomfanya mkulima ameze mate. Wanawake wote shimoni wakasimama. Walburga, jirani yake Kunegunda, mwanamke ambaye kinywa chake hakikuwahi kuwa na mlango, akapiga kigelegele na kutupa kata yake.

"Haya, akina mama! Fimbo imejibu! Jembe langu lilikuwa limeanza kunisahau sura."

Hawakufika mbali. Bwana Vigae alitoka bandani akikimbia, na askari wawili nyuma yake, akawazibia njia. Banda lilikuwa limejaa vigae vibichi, na shimoni ulibaki udongo wa kutosha kulijaza tena. Kigae kisichochomwa kikipigwa na mvua kinarudi kuwa tope, na kazi ya kiangazi chote inateremka mtoni.

"Hakuna kuondoka," alisema kwa kile Kiswahili chake cha amri. "Mpaka tanuri la mwisho."

"Tuliahidiwa!" Walburga alipaza sauti. "Mvua ya kwanza!"

"Nani ameahidi? Mimi sijaahidi."

Wanawake wakageuka kumtazama Baba. Kunegunda peke yake hakumtazama, alikitazama kivuli chake kilicholala juu ya majani yaliyolowa. Kivuli kilisimama kidogo, kikainua fimbo kama kinachotaka kusema, kisha kikaishusha na kusogea zake upande wa mto.

Wakarudi shimoni.

Mvua ya pili ikaja, na ya tatu. Asubuhi Kunegunda alipita kwanza mteremkoni kabla ya kwenda kazini, akachutama, akachimbua kwa kidole. Majivu yalikuwepo bado, lakini yalikuwa yameanza kuchora mistari kuteremka, na hapa na pale ncha za majani zilikuwa zimetokeza, kijani changa, nzuri kweli kwa mtu asiyekuwa na njaa.

"Kuna sheria," Walburga alimwambia shimoni.

"Sheria ipi? Ile ya kamba ya kunyongea?"

"Ya kamba wameshaimaliza kwa waume zetu. Hii ni ya mtumishi. Chande aliitangaza barazani, nilikuwepo, nimepeleka kuni." Chande alikuwa mkalimani wa boma. "Mtumishi akizuiwa kazini kupita mapatano, aende Jumatatu bomani kwa Bwana Shauri, Mdachi anayeamua kesi, aseme. Na bwana wake haruhusiwi kumzuia asiende. Atasikilizwa, akiwa na haki atapewa."

"Na asipoaminiwa?"

"Mwanamume kiboko, hamsa ishirini, yaani ishirini na tano. Mwanamke hapigwi, anafungwa mnyororo."

"Kumbe tumependelewa," alisema mwanamke mmoja upande wa pili wa shimo, na wote wakacheka huku miguu ikiendelea.

"Nitakwenda mimi," Kunegunda akasema.

Kicheko kikaisha. Walisikia miguu yao tu, chwapu, chwapu.

"Watakuuliza nani aliyeahidi," Walburga alisema taratibu.

"Wewe utanitajia."

"Nitakutajia," Walburga akaitika, kama mtu aliyeombwa kumshikia mwenzake mtoto kidogo.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na hakuna katika wale wanawake aliyeliona. Zamani, katika baraza la nkosi, mfalme wa Wangoni, mkamwana alikuja na mtu wa kumtajia, na wazee walisikiliza wala hakuna aliyeinua jicho. Kunegunda aliwaza juu ya mnyororo, aliwaza juu ya mbwa mkali ambaye Bwana Vigae alimfuga bandani, aliwaza hata nguo ya kuvaa. Kwamba kuna baraza duniani lisilojua jambo dogo kama lile, hilo halikumjia.

Jumatatu Bwana Vigae hakumzuia. Alitabasamu, akavaa kofia yake, akaenda naye, na akawachukua wanyapara wake wote wafuatane. Walburga alitoroka shimoni, akawafuata kwa kupitia mtoni.

Shauri lilisikilizwa kwenye baraza la mbele la boma. Bwana Shauri alikuwa Mdachi mwembamba wa miwani, mwenye kikohozi, na ni haki kusema kwamba hakuwa na haraka wala ukali. Watu waliomtangulia Kunegunda aliwasikiliza mpaka mwisho. Mmoja aliyedai mbuzi wake alipewa mbuzi wake, na moyo wa Kunegunda ukapiga kwa matumaini kama wa msichana.

Chande akamwita. Alikuwa kijana wa Tunduru, kanzu safi, kofia imekaa sawasawa, na Kingoni chake kilikuwa cha kununulia kuku. "Wewe mama, una shauri gani?"

Kunegunda akapiga magoti. Akapiga makofi polepole kama inavyopasa mbele ya mkubwa. Kisha akavuta nguo juu ya kichwa na kugeuza uso kuelekea ukutani, kwa kuwa Baba alikuwa amesimama palepale, kati ya wanyapara, nyuma ya Bwana Vigae.

"Mbona anaelekea ukutani?" Bwana Shauri aliuliza.

"Sijui, Bwana. Labda ukuta ndio uliomwonea."

Watu wakacheka, Bwana Vigae zaidi ya wote. Kunegunda alingoja kicheko kipite, akaanza. Alisema vizuri. Alisema jinsi walivyofuatwa majumbani kiangazi, walivyoambiwa watafanya kazi mpaka mvua ya kwanza, walivyokubali kwa ajili ya neno hilo. Alisema mvua imekuja na wamezuiwa, na kwamba ulezi haungoji, na kwamba ana mtoto. Hakulia. Chande alifasiri, na Bwana Shauri akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Maneno yake yana njia," alisema. "Mapatano yakiwepo, lazima yafuatwe. Hata mzungu atayafuata." Akamtazama Bwana Vigae juu ya miwani, na Bwana Vigae akaacha kutabasamu. "Nani alifanya mapatano na wewe, mama?"

"Aliyetukusanya."

"Nani huyo?"

"Mkubwa wa nyumba yetu."

"Nyumba yenu ipi?" Chande alisema. "Mama, hata mbuzi wa boma wana majina. Taja jina."

"Ninao wanyapara wengi," Bwana Vigae akaingilia. "Aseme ni yupi."

Kunegunda akageuza shingo kidogo chini ya nguo. "Nitajie," alinong'ona.

Walburga alikuwa tayari. Alijipenyeza mbele, akavuta pumzi.

"Huyu ni nani?" Bwana Shauri aliuliza. "Ndiye mwenye shauri?"

"Siye, Bwana. Ni mwenzake."

"Basi atoke. Mtumishi atasema kwa kinywa chake mwenyewe. Tumeweka hivyo ili watu wasitiwe maneno mdomoni na wenye hila."

Askari akamshika Walburga mkono. Walburga akapiga kelele kwa Kingoni, akivutwa kinyumenyume: "Yelewi! Hawezi! Ni mkamwana wake! Mwulizeni mtu mwingine yeyote hapa, ni mkamwana wake!"

"Anasema nini?"

Chande alifikiri kidogo. "Anasema huyu mama ana undugu na mnyapara mmoja, Bwana."

"Undugu." Bwana Shauri alikohoa. "Kwa hiyo anamficha ndugu yake, au anataka kumsingizia mwingine. Mama, nageuza saa yangu ya mchanga. Ukiisha mchanga bila jina, shauri lako ni la uongo, na unajua adhabu yake."

Kunegunda aliutazama ukuta. Ulikuwa umepakwa chokaa, na mchwa alikuwa anapanda akitafuta ufa. Hakuwaza mnyororo. Alikuwa anangoja. Mzee mwenye heshima zake, akiona mkamwana wake amepiga magoti mbele za watu na ulimi umefungwa kwa ajili yake, ndiye anayesogea mbele na kusema, Ni mimi. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda. Heshima ya mkamwana ina mlango wa kutokea, na mlango huo ni baba mkwe mwenyewe. Akangoja. Alisikia Baba akisogeza mguu mmoja, na fimbo yake ikigusa sakafu. Halafu hakusikia kitu tena. Ndipo alipojua kwamba mzee amejificha ndani ya heshima ile kama sungura kichakani, kwa kuwa alijua mkamwana wake hawezi kuingia humo kumtoa.

Akamwona Adela, pengo lake la meno, kitumbua mkononi.

"Lugongo," alisema.

Wanawake waliokuwa wamekuja na mashauri yao wakafunika midomo. Bibi mmoja akatema mate chini upande wa kushoto, kufukuza balaa. Na mzee aliinua kichwa kwa ghafla, akatazama huku na huku, kama mtu aliyeitwa na mtu ambaye si wa dunia hii.

"Lugongo ni nani?"

Mzee Lugongo akasogea mbele. Sasa angejificha wapi tena?

"Ulisema watarudi mvua ya kwanza?"

Alikawia. "Nilisema, Bwana."

Basi, Kunegunda akafumba macho. Ukweli ulikuwa umetoka mbele za watu, na kwa kitambo kidogo alikuwa mteremkoni kwake, anamwaga mbegu.

"Mimi sikumpa ruhusa hiyo," Bwana Vigae alisema. "Nilimtuma alete watu mpaka vigae viishe."

"Ulipewa ruhusa, mzee?"

"Aliniambia niwaambie neno lolote, mradi waje."

"Niliahidi mvua?" Bwana Vigae akauliza.

"Mvua niliitaja mimi," Lugongo alisema. "Bila hiyo wasingekuja."

Bwana Shauri alivua miwani, akaifuta kwa leso. Hukumu yake ilikuwa fupi, na Chande aliifasiri kipande kwa kipande. Mama amesema kweli, hatafungwa. Lakini ahadi ya mtu asiye na mamlaka si mapatano. Mapatano ni yale aliyoyataka mwenye kazi: mpaka vigae viishe. Wanawake watarudi kazini. Na Lugongo, kwa kuwadanganya watumishi kwa jina la bwana wake, hamsa ishirini, na unyapara basi.

"Shauri limekwisha," Chande alisema. Kisha akaongeza yake mwenyewe, kwa sauti ya chini: "Umeshinda, mama. Umeaminiwa."

Lugongo alipigwa nyuma ya boma. Kunegunda hakwenda kutazama. Alibaki palepale ukutani, amepiga magoti, akisikia, mpaka askari alipomwambia ainuke, wengine wanangoja zamu yao.

Siku zilizofuata shimoni, Walburga peke yake ndiye aliyemsemesha. Wengine walimpa mgongo, na yule mwanamke aliyetania juu ya kupendelewa akauliza hewani, si kwa mtu: "Sasa jina la mzee wa watu limetajwa, tumepata nini? Hata mvua haikupungua." Kazi ya unyapara alipewa kijana aliyeitwa Polikarp, ambaye hakuahidi mtu kitu.

Nyumbani mzee alilala kifudifudi. Mgongo wake ulikuwa haufai kutazamwa, na Kunegunda hakuruhusiwa kuutazama wala kuuosha. Mtoto ndiye aliyetumwa kuingia na maji ya majani ya dawa. Mkamwana aliyemtaja baba mkwe hupeleka kuku wa kuomba radhi, kuku huchinjwa, damu inadondoka kizingitini, na mambo yanarudi mahali pake. Lakini njaa ilikuwa imekwisha kula kuku wa Ungoni wote. Kunegunda alikaa nje, mgongo wake kwenye ukuta wa udongo, na mzee akasema naye kutoka ndani.

"Mkamwana."

"Baba."

"Usitafute kuku. Hayupo. Mimi nimesamehe bila kuku."

"Bila kuku haijawa, Baba."

"Basi haijawa," mzee alisema. Na baada ya muda tena: "Ningesema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Niliogopa kiboko, mwanangu, na kiboko chenyewe kikanipata hukohuko."

Hakuna maneno yaliyotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya namna hiyo kati ya watu wawili kama wao.

Posho ya mzee ilikuwa imekatwa pamoja na kazi yake. Posho ya Kunegunda haikutosha midomo mitatu, na mzee, aliyeshikwa na homa ya vidonda, hakuweza kutafuna mizizi ya porini. Alingoja mpaka alipoona Adela anampa babu yake maji tupu na kumwambia ni uji. Ndipo akainua jiwe la kusagia, akatoa chungu, akasaga. Mbegu ya ulezi iliyohifadhiwa vizuri hutoa unga mwekundu wenye harufu nzuri. Adela alilamba kata mpaka puani, akauliza kama kesho upo tena. Ulikuwepo kesho. Keshokutwa ulikuwa mwepesi. Halafu ukaisha, na mteremko wa Matogoro ukawa kijani mwanzo hadi mwisho, majani yamefika magotini.

Mwanaisha alikuja bila kapu. Alisimama ukingoni mwa shimo, amevaa kisafari, na hakuwa na utani siku hiyo.

"Shoga yangu, kesho asubuhi."

Kunegunda alikanyaga mzunguko mzima kabla ya kujibu. "Usimpe maziwa. Yanamharisha."

"Sitampa."

"Akilala anataka kushika sikio la mtu. Mpe lako."

"Nitampa," Mwanaisha alisema, na akaanza kulia yeye. "Nitampa yote mawili."

Polikarp alipoombwa ruhusa ya asubuhi moja alitikisa kichwa. Tanuri la mwisho lilikuwa linapangwa, na shimo lilihitaji miguu yote. Walburga alijitolea kukanyaga nafasi mbili. Polikarp akamuuliza ana miguu mingapi.

Kwa hiyo waliagana palepale. Msafara wa askari ulipita juu ya bonde, wapagazi mbele na mizigo kichwani, wanawake nyuma. Adela alikuwa mgongoni kwa Mwanaisha, amefungwa kwa kanga mpya, anatafuna. Alikuwa mkubwa kidogo kwa kubebwa, miguu inaning'inia, lakini ilionekana imempendeza. Babu yake alikuwa amejikokota mpaka njiani, amesimama ameegemea fimbo, na alipoona msafara akainua mkono akaushusha.

Adela alinyoosha shingo mpaka akamwona mama yake kati ya wanawake wenye tope.

"Mama! Huji?"

"Tangulieni," Kunegunda aliitikia. "Nakuja."

"Upesi!"

"Nakuja, mama."

Msafara ukaingia miomboni. Kwa muda walisikia kengele ya mbuzi wa askari, halafu hata hiyo haikusikika. Kunegunda alikuwa bado ametazama huko, mguu mmoja umeinuka.

"Udongo unashika," Polikarp alisema.

Akaushusha mguu, kisigino kwanza.